Nilikuwa Namtafuta Mwimbaji

Mzee alikuwa na miaka 88 nilipoanza kumhudumia, na wiki mbili za mwanzo hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilikuwa zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kulelea wazee nje kidogo ya Ennis, mji mkuu wa kaunti ya Clare, magharibi ya Ayalandi. Kazi yangu ilikuwa kumwamsha, kumwosha, kumvisha, kumpa chai na dawa. Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 2017, nimepiga magoti namfunga kamba za viatu, nikasikia anatoa sauti kwa ulimi: didl-di, didl-dam, didl-di-didl-dam. Haikuwa na maneno. Ulimi ulikuwa unagonga kaakaa kama ncha za vidole zinavyogonga ngozi ya ngoma ya dumbak, na ule mguu niliokuwa nimeushika ukaanza kupiga kisigino sakafuni. Nikaiachia kamba. Mguu huo asubuhi hauwezi kutoka kitandani bila ya kusaidiwa, lakini pale haukukosea hata pigo moja.

"Mzee, hiyo nini?"

"Rili," akasema. "Lahani ya dansi. Unajua muziki wewe?"

Nikamwambia nina fidla chini ya kitanda changu, na tangu nifike Ulaya sijaifungua kasha.

Nilimwita Mzee kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Wenzangu kazini walimwita kwa jina lake tupu, ndivyo desturi ya huko, na hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Ulimi wangu mimi ulikataa. Nikamweleza maana ya neno, akalipenda, na akawa akiwaambia wauguzi kwamba Zanzibar yeye ana cheo.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Mjomba wangu alikuwa mpiga fidla kwenye klabu ya taarab, na nilipofika miaka 9 akanikabidhi fidla yake ya zamani, imepasuka ubavuni na kugundishwa kwa gundi ya seremala. Akaniambia: "Mwanangu, kazi ya fidla ni kumjibu mwimbaji. Akisema, mfuate nyuma kwa adabu. Akinyamaza, jibu." Nikakua na maneno hayo. Mwimbaji anamaliza ubeti, fidla zinaingia kwa pamoja, kodiani ikazisukuma, ganuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachodonolewa, ikamwagika kama shanga zilizokatika uzi, kisha sote tunarudi nyuma kumpisha mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20 masikio yangu hayakujua fidla ya namna nyingine.

Au niseme, yalijua yakakataa. Mtaani kwetu kulikuwa na kidumbak: fidla moja, vidumbak viwili vya udongo, sanduku lenye fimbo na uzi mmoja wa besi, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha na cherewa za kutikisa. Kikipigwa kwenye harusi mpaka usiku wa manane, na watu wakicheza hadi vumbi linawafika magotini. Mama hakutaka nikaribie. "Taarab watu wanakaa kwenye viti," akisema, na kwake hayo yalitosha. Nilimtii. Na si kumtii tu, niliamini kwamba fidla ya kidumbak ni fidla ya watu ambao hawakufunzwa. Naliandika hili kwa uchungu, maana miaka mingi baadaye ndilo lililonichelewesha kuusikia muziki wa watu wengine.

Mzee alikuwa na mpwa wake wa kike, mama wa makamo, mpiga konsatina, jamaa mdogo wa kodiani. Yeye na wenzake wanne walikuwa na bendi yao isiyotumia umeme hata chembe: hakuna spika, hakuna maikrofoni, vyombo vitupu na chumba. Konsatina, fidla, filimbi ya mbao, buzuki, na bodhrán, ile ngoma yao ya mduara inayopigwa kwa kijiti kifupi. Jumapili moja kila mwezi walikuja kuwapigia wazee wetu. Jumanne usiku walikutana jikoni kwake kufanya mazoezi. Mzee alimweleza habari zangu kabla sijamruhusu, na wiki haikwisha nikaitwa. "Lete fidla," akaniambia yule mama. "Ukitaka kukaa tu usikilize, kaa."

Mabango yao ya kiangazi, yale ya kuwavutia watalii, yaliandikwa muziki wa Kikelti. Wenyewe jikoni sikuwasikia wakilitumia neno hilo. Walisema "muziki" tu, kama sisi tunavyosema "ngoma" na kila mtu akajua ni ipi. Ukelti ni jamaa mkubwa, una Ayalandi, Uskoti, Welisi, mpaka Bretagne kule Ufaransa, na jamaa hao wana muziki wao wa karibu karibu. Lakini mtu wa Clare atakwambia kwanza yeye ni wa Clare ya mashariki au ya magharibi, na upinde wake utakuonyesha ni wapi kabla hajakwambia.

Jumanne ya kwanza nikafungua kasha, nikapitisha upinde kwenye nyuzi nne, na wote wakageuka kunitizama. Mjomba alinifundisha kulinganisha nyuzi kwa Kiarabu: sol, re, sol, re. Wao wanalinganisha sol, re, la, mi, kama fidla zote za Ulaya. Mwenzangu wa fidla hakuona ajabu. Akaniomba nipige kitu kwa sauti zangu hizo hizo. Nikapiga taksimu fupi, ile lahani ya kubuni papo hapo, na uzi wa chini ukawa unaitika wenyewe bila ya kuguswa, kama mtu wa chumba cha pili anayekubaliana na mazungumzo. Akasema wako wapiga fidla wa zamani kwao ambao nao walikuwa wakibadilisha nyuzi namna hiyo kwa ajili ya lahani fulani, wapate mwitikio kama huo. Kisha, kwa upole, akaniomba nizipandishe nyuzi mbili za juu.

Nilizipandisha moyo ukinidunda, naogopa zitakatika. Hazikukatika. Lakini vidole vyangu vikawa kama mpishi aliyehamishiwa jikoni kwa mtu: vyombo vyote vipo, ila hakuna kilicho kabatini pale mkono unapokwenda. Miezi miwili ilipita kabla sijaacha kutafuta noti mahali ambapo haikuwepo.

Buzuki ilinipa moyo. Ni chombo cha Wagiriki, kiliingia katika muziki wa Ayalandi miaka ya 1960, na leo kinapigwa kana kwamba kilizaliwa pale. Mimi sikuona ajabu. Ganuni yetu imetoka Misri, kodiani imetoka Ulaya, na nani atasema taarab si yetu? Na bodhrán niliijua siku ile ile, maana ni ngozi ya mbuzi, na ngozi ya mbuzi ina tabia zake popote. Mvua ya Clare ikiivamia inalegea, na mwenye ngoma anaisogeza karibu na jiko. Kwetu tunaiotesha kwenye moto wa makuti. Ikikauka mno yule bwana alikuwa akiipangusa kwa kitambaa cha maji kwa ndani, anasubiri, anaigonga kwa kidole gumba, anasikiliza, anapangusa tena. Ningeweza kukaa usiku mzima nikimtazama.

Mambo yalikuwa magumu pahala ambapo sikutarajia.

Lahani yao moja ni fupi. Ina sehemu ya kwanza ya vipimo 8, inarudiwa. Ina sehemu ya pili ya vipimo 8, nayo inarudiwa. Jumla 32, na ikiwa rili yote inakwisha kwa muda wa kama nusu dakika. Wanaipiga mara tatu, kisha bila ya kusita wanaingia lahani nyingine, na baadaye ya tatu. Wote watano wanapiga, na wale wenye vyombo vya lahani wanapiga lahani moja ile ile, kila mmoja na mapambo yake madogo. Hapo nilijiona niko nyumbani, kwa sababu na sisi ndivyo: fidla, kodiani na ganuni zinakwenda njia moja, kila mmoja na mwendo wake. Nikajiambia, hii nitaiweza kwa wiki.

Nikaingia, nikasubiri nafasi ya kujibu. Haikuja. Hapakuwa na ubeti ulioisha, hapakuwa na aliyenyamaza, mto ulikuwa unapita tu. Nikawa nadandia. Kila nilipoona penye noti ndefu nikaijaza kwa mapambo ya kwetu, kwa vile mimi fidla imenizoesha kujaza. Kisha yule mama wa konsatina akainua kichwa kidogo tu, na wote wakahamia lahani ya pili, mimi nikabaki peke yangu na ile ya kwanza, upinde uko hewani na fidla inalia sauti isiyotakiwa na mtu. Hawakusimama. Walipomaliza walinikaribisha chai na mkate wa zabibu, na hakuna aliyelitaja.

Kwenye basi nikirudi nilijiuliza: mwimbaji wao yuko wapi? Nani anasema, ili mimi nijue pa kumjibu?

Aliyenifungua mlango kwanza ni mpiga filimbi. Mchana alikuwa fundi wa mapaa, mtu mkubwa mwenye vidole vinene, na filimbi ile ya mbao mikononi mwake ilionekana kama mswaki. Usiku mmoja akanikalisha ubavuni kwake. "Mimi lazima nipumue," akasema. "Nikipumua kuna noti naiacha. Nikiiacha pabaya, lahani inakufa. Nikiiacha pazuri, lahani inapata uhai. Wewe upinde wako hauna mapafu, kwa hiyo hujawahi kuchagua."

Akanipigia lahani moja mara nne, na kila mara akapumua pengine. Noti iliyoachwa mara ya kwanza ilikuwa ya kati. Mara ya pili akaacha ile ya mwisho ya kipimo, na noti iliyofuata ikaruka kama mtoto anayevuka mfereji. Nikaanza kupumua naye. Akivuta pumzi, naunyanyua upinde. Mwanzo nilihisi naiba, kwamba nimepewa lahani kamili nikairudisha pungufu. Ilinichukua majira yote ya baridi kuzoea kuacha. Na mapambo nayo yalibadilika: kwetu kidole kinateleza juu ya uzi, kinalia. Kwao kidole kinaugusa uzi na kuondoka mara moja, kama unavyogusa sufuria kujua kama imepata moto. Noti haigawanyiki, inapata ukingo tu.

Hata hivyo niliendelea kumtafuta mwimbaji, na Mzee ndiye aliyenionyesha.

Nilikuwa nikimsimulia kila Jumatano asubuhi yaliyotokea Jumanne usiku, maana nilijua anasubiri. Nikamwambia kilio changu. Akanyamaza, akagonga kisigino mara mbili. "Mwimbaji yupo," akasema. "Yupo miguuni. Nenda ukaone watu wakicheza, usipige."

Kisha akanisimulia utotoni kwake. Dansi zilikuwa jikoni, kwenye nyumba za watu. Sakafu ilikuwa ya mawe bapa, yale mawe ya Clare, na wazee walisema zamani kulikuwa na watu waliozika fuvu la farasi chini ya jiwe lililo mbele ya jiko, ili kishindo cha mguu kipate mwangwi. Mwaka 1935 serikali ilipitisha sheria ya kumbi za dansi: dansi ya hadhara iwe na kibali. Sheria hiyo ilikamata na dansi za majumbani, polisi na mapadri wakazifuatilia, na nyumba nyingi zikafunga milango. Yeye alizaliwa 1929, kwa hiyo aliyakuta mambo yanafanywa kwa kujificha, mtoto mmoja anasimamishwa njiani kuangalia nani anakuja. Muziki ulihamia kumbini, na baadaye kwenye baa. Ule mtindo wa wapiga muziki kukaa duara ndani ya baa, akaniambia, ulianzia London kwa vibarua wa Kiayalandi baada ya Vita vya Pili, watu waliokaa vyumba vya kupanga na hawana jikoni ya kukaribisha mtu.

Hilo lilinigusa zaidi ya alivyojua. Mimi Mwislamu, na kuingia baa kulikuwa kunanikaba. Niliwahi kwenda mara chache bendi ilipoalikwa, nikakaa na kikombe changu cha chai karibu na mlango, hakuna aliyenishurutisha kitu, lakini sikuwa na raha, na sikutaka kujizoesha. Niliwaambia wazi. Yule mama wa konsatina akasema basi penye baa watakwenda wanne au watano wao, na penye ukumbi, kanisa, skuli au nyumba ya wazee tutakwenda sita. Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya. Najua wageni wengi huuona muziki huu na baa kuwa ni kitu kimoja. Si kweli. Jikoni ni kongwe kuliko baa, na mtu anayependa muziki huu na hataki pombe asione kwamba amefungiwa mlango.

Nikaenda kuona dansi. Ukumbi wa kijiji, mbao sakafuni, watu wanane wanane wamesimama mraba, jozi nne, wengi wao wana umri wa mama yangu. Bendi yetu ilikuwa pembeni bila jukwaa. Nilikaa chini kabisa, kwenye ngazi, macho yangu yako usawa wa viatu. Na pale nikaona. Kuna bwana mmoja mwenye viatu vyeusi vilivyopasuka mikunjo: kisigino kinagonga kwenye pigo, ncha ya kiatu inagonga mara mbili kabla ya pigo linalofuata, halafu kuna pahala mguu uko juu, haujagusa chini, na ukumbi mzima umening'inia pamoja nao. Pale pale ndipo mpiga filimbi alipokuwa akipumua. Pale pale ndipo konsatina ilipogeuzwa kutoka kusukumwa kwenda kuvutwa. Ile nafasi ndogo, ambayo mimi nilikuwa nikiijaza mapambo, ilikuwa ni ya mguu ulio hewani. Nilikuwa nimewafunika watu mdomo.

Niliporudi kupiga nilimtafuta mchezaji mmoja nikamkazia macho miguuni. Sikumjibu. Nilimshika mkono tu wakati anaruka.

Mwezi wa Agosti mwaka huo, mashindano makubwa ya muziki, Fleadh Cheoil, yalifanyika Ennis kwa mwaka wa pili mfululizo. Sikuweza kupita mtaani kwenda kazini. Watoto wa miaka 7 na filimbi za bati, mabibi na kodiani, mtu wa zumari ya kiriba aliyekaa kizingitini kwa duka la viatu, anakamua hewa kwa kiwiko badala ya kupuliza. Mashindano haya yalianza 1951 mji wa Mullingar, wakati watu walipoona muziki unapotea, na Ennis yaliwahi kuja 1956. Mzee alikuwepo. Alikuwa na miaka 27, na alinihadithia jinsi watu walivyogawanyika kati ya bendi ya Kilfenora na bendi ya Tulla. Kilfenora ilianza 1909, Tulla 1946. "Ukiwa wa huku huwezi kuwa wa kule," akasema. Nikamwambia Mzee, hayo nayajua. Kwetu zipo klabu mbili za taarab, Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 na Culture 1958, na zipo nyumba za Unguja ambazo mume na mke hawajapatana juu ya jambo hilo. Alifurahi sana. Alitaka kujua ni ipi ya mjomba. Sikumtajia, nikamwambia hiyo ni siri ya ukoo.

Niingize na usiku mmoja zaidi, kwa sababu bado unanijia. Tulikuwa nyumbani kwa yule mama, baridi ya Januari, na bibi mmoja mgeni akaombwa kuimba kwa Kigaeli, lugha yao ya asili, namna yao ya zamani, bila chombo chochote. Akafumba macho. Alipofika katikati, jirani yake, mwanamme mzee, akamshika mkono wa kulia na kuanza kuuzungusha polepole, duara, kama mtu anayesokota kamba ya nazi. Hakumtazama. Alikuwa anazungusha tu, akifuata lahani, na kila mstari ulipoisha akanong'ona neno la kumtia moyo. Kwetu bibi harusi na mashoga zake wanainuka na noti za fedha mkononi, wanakwenda kumtunza mwimbaji huku wanayumba, na kila mmoja anachagua ubeti unaomhusu. Nilikaa na fidla magotini, nimetafuta mwimbaji mwaka mzima na huyu hapa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na hamu ya kumjibu. Wimbo ulikuwa umetimia. Alipomaliza hakupanda mwisho wala kushuka kwa madaha, mstari wa mwisho aliusema kwa sauti ya kawaida, kama anaturejesha chumbani.

Miaka hiyo nilisoma kila nilichokipata, na jambo moja lilinikaa. Muziki wa Ayalandi ulihifadhiwa na watu walioondoka. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuja kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alikusanya lahani kutoka kwa wahamiaji wenzake, baadhi yao askari wake, na mwaka 1903 akachapisha 1,850 kwa pamoja. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, alirekodi santuri New York miaka ya 1920, santuri zikavuka bahari kurudi vijijini, na watu waliobaki wakaanza kupiga kama aliyekwenda. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Siti binti Saad, mwaka 1928, anapanda meli kwenda Bombay kurekodi, na sauti yake kurudi Unguja ndani ya santuri, ikipigwa barazani kwa watu waliokuwa wakimjua kwa sura. Zote mbili ni sauti zilizosafiri ili zipate kusikika kwao. Mimi nami nilikuwa nimekwenda mbali, na sikuwa nimejua narudi na nini.

Nilirudi Unguja likizo mwaka 2019. Mjomba alikuwa amestaafu klabu, vidole vimekakamaa, upinde hashiki tena. Jioni uwanjani akaniambia, haya, tupigie hicho cha Wazungu. Nikampigia jigi mbili. Jigi ni mapigo sita kwa kipimo, yanakwenda matatu matatu, na nilipiga kama nilivyofunzwa, naacha noti pale mguu unapokuwa juu.

Mjomba hakusema kitu mpaka nimemaliza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kuteta:

"Nani kakufunza kidumbak?"

Nikamwambia sijui kidumbak, Mama alinikataza. Akatazama mlangoni kuona kama Mama yuko karibu. Ndipo nilipojua, mimi mtu mzima wa miaka 30 na ushei, kwamba mjomba wangu wa tai na koti jeupe, aliyenifunza kumjibu mwimbaji kwa adabu, ujana wake wote alikuwa akitoka klabuni saa nne za usiku, anaficha koti, na anakwenda kupiga fidla ya kidumbak harusini hadi alfajiri. "Kule ndiko nilikojifunza upinde," akasema. "Klabu nilijifunza kukaa."

Akamtuma mtoto nyumba ya pili. Akaja jirani na sanduku lake, na kijana mmoja na cherewa. Mjomba mwenyewe akachukua vijiti viwili vya mkwasa, hivyo vidole vyake bado vinaviweza. Akanionyesha lahani moja kwa mdomo, kwa ulimi kugonga kaakaa, na nywele zikanisimama, maana nilikuwa nimeshasikia ulimi ule, sakafuni, nimepiga magoti mbele ya kiatu. Tukapiga mpaka giza limeingia. Nilikuwa nimefumba macho muda mwingi. Nilirekodi kwa simu, niliiweka juu ya mtungi uliofunikwa.

Niliporudi Ennis nilimkuta Mzee amedhoofika, hatoki kitandani tena. Nikamvisha spika za masikioni, nikampigia ile rekodi yote, dakika kumi na kitu. Alifumba macho. Sanduku lilipoingia alitabasamu kidogo, na mkono wake ukawa unagonga shuka. Karibu na mwisho akainua kidole, kama ananizuia nisimsemeshe.

"Kuna mtu anacheza hapo," akasema. "Mwanamke. Hana viatu."

Nilimwambia ni mama yangu.

Akasikiliza mpaka ikaisha, akaniomba niirudishe nyuma kidogo, akasikiliza tena.

"Mwambie mjomba wako apunguze mwendo," akasema. "Mama yako ana kitu kizuri anataka kukifanya pale juu, na yeye hampi nafasi."